Kuchagua mahali pa vihisi katika daraja: maana yake

Upangaji wa vihisi ni kazi ya kuamua, kabla ya kifaa chochote kufungwa, ni sehemu zipi chache za daraja, jengo au bwawa zitakazopimwa ili uharibifu ujulikane mapema. Kihisi ni kifaa kidogo kinachogeuza mtetemo, mvutano wa chuma au joto kuwa tarakimu. Daraja moja lina maelfu ya sehemu ambapo kingeweza kufungwa, ilhali vihisi, nyaya zake na watu wa kusoma takwimu zake ni gharama. Kwa hiyo swali la kwanza si vinunuliwe vingapi, bali ni uharibifu gani unaotafutwa.

Chukua boriti iliyoegemea nguzo mbili. Lori likipita, boriti hiyo hutetema kwa maumbo kadhaa kwa wakati mmoja. Katika umbo la kwanza, katikati ndipo panapopanda na kushuka kuliko kwingine kote. Katika umbo la pili, nusu moja hupanda wakati nyingine inashuka, na pale katikati hapasogei hata kidogo. Aliyefunga kihisi kimoja katikati, mahali ambapo kila mtu angepaonyesha kwa kidole, atalisoma vizuri umbo la kwanza na hatapata lolote kuhusu la pili. Kikisogezwa hadi robo ya urefu, kitayasoma maumbo matatu ya kwanza, lakini la nne halitakifikia. Kihisi kilichowekwa pasipofaa hakitoi onyo lolote: huendelea kutuma tarakimu safi, na wanaozisoma huamini kwamba daraja ni zima. Hatari hiyo naiona kubwa kuliko ya kihisi kilichokufa, kwa kuwa kilichokufa angalau hujulikana.

Kuchagua sehemu 10 kati ya 100 kuna njia zaidi ya trilioni 17, na hakuna awezaye kuzijaribu zote. Mwaka 1991 mhandisi Daniel Kammer, akishughulikia miundo mikubwa ya angani, alitoa njia ambayo wahandisi wa madaraja wanaitumia hadi leo: kompyuta huanza na sehemu zote, hupima mchango wa kila moja katika kuyatofautisha maumbo ya mtetemo, huondoa ile yenye mchango mdogo kuliko zote, kisha hurudia mpaka ibaki idadi inayotakiwa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, hutegemea mfano wa daraja lote uliotengenezwa ndani ya kompyuta, na makosa ya mfano huo huingia katika mpango. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, Marekani, lilianguka katika mto Mississippi na watu 13 wakafa. Uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya mabamba ya chuma yaliyounganisha mihimili yalikuwa na unene wa takriban milimita 13, nusu ya ule uliohitajika, na kosa hilo lilitokana na usanifu wenyewe. Mpango unaoamini michoro peke yake ungeyapita mabamba hayo. Ndiyo maana, pamoja na vihisi vya mtetemo vinavyotawanywa ili kulitazama daraja zima, vingine vya kupima mvutano hubandikwa kwenye maungio ambayo yakikatika hakuna kingine cha kubeba mzigo; kihisi cha aina hiyo hujua tu habari za chuma kilichobandikwa juu yake. Daraja jipya lililofunguliwa Minneapolis mwaka 2008 mahali pa lile lililoanguka lilijengwa likiwa na vihisi zaidi ya 300.

Joto nalo lina nafasi yake katika mpango. Daraja la Z24 nchini Uswisi lilipimwa kwa karibu mwaka mzima kabla ya kuharibiwa kwa makusudi, hatua kwa hatua, mwaka 1998. Wakati wa baridi kali lami yake ilikakamaa na kasi ya mitetemo ikapanda kiasi cha kuweza kuficha dalili za uharibifu. Kwa hiyo vipimajoto huwekwa ndani ya lami na zege, upande wa jua na upande wa kivuli, ili badiliko la hali ya hewa litengwe na ufa.