Kirusi hakichagui, mbona Beni wanawake ndio waliougua zaidi?

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, wauguzi walikabidhiwa sindano tano kila asubuhi. Tano tu, za wagonjwa wa nje, wodi na kliniki ya wajawazito. Akitoka huyu akiingia yule, sindano ilisuuzwa kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu, kazi ikaendelea. Watu 318 waliugua ugonjwa uliokuja kuitwa Ebola, na 280 wakafa. Watafiti walipopanga wagonjwa kwa umri na jinsi, wanawake wa miaka 15 hadi 29 walikuwa wamezidi makundi mengine yote. Kirusi hakikuwa na habari na mimba ya mtu. Kilipita ilikopita sindano, nayo sindano ilikuwa pale akina mama walipopanga foleni.

Sasa twende Beni, Butembo na Mangina, miji ya mashariki mwa Kongo ambako Kiswahili ndicho cha sokoni. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa huko Agosti 2018 ulimalizika Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Wanawake na wasichana walikuwa asilimia 57 ya wagonjwa. Mtu anaweza kusema ni kwa sababu wauguzi wengi ni wanawake. Hesabu inakataa: wahudumu wa afya wote kwa pamoja, wake kwa waume, walikuwa kama asilimia 5 tu. Jibu jingi liko nyumbani.

Ebola haiambukizi kabla mgonjwa hajaanza kuona dalili. Inaambukiza kwa majimaji ya mwili, na mgonjwa anapozidiwa ndipo kirusi kinapojaa mwilini mwake. Yaani hatari hupanda saa ileile mtu anapohitaji kuinuliwa, kufutwa matapishi, kubadilishwa shuka. Anayeamka usiku wa manane na beseni ni nani? Nguo zile zinafuliwa na nani? Na akishakufa, mwili bado unaambukiza. Katika mlipuko wa Gulu, Uganda, mwaka 2000, wataalamu walikuta kwamba kwa desturi ya Waacholi, shangazi wa marehemu ndiye humwosha. Hata katika familia isiyo na muuguzi hata mmoja, shangazi yupo.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana wataalamu wetu wengi hutenganisha jinsi, yaani mwili wa kike au wa kiume, na jinsia, yaani majukumu ambayo jamii imeutwisha mwili huo. Fomu ya hospitali huuliza la kwanza. Mlipuko hufuata zaidi la pili.

Mmoja wa wanaolisisitiza hili ni Clare Wenham, mtafiti wa sera za afya ya dunia katika London School of Economics. Machi 2020, Covid-19 ikiwa ndiyo kwanza inasambaa, yeye na wenzake Julia Smith na Rosemary Morgan waliandika katika jarida la Lancet kwamba mipango ya kupambana na milipuko huandikwa kana kwamba ugonjwa unawagusa wote kwa namna moja. Jinsia, ikumbukwe, si jina lingine la wanawake. Covid-19 hiyohiyo iliua wanaume wengi zaidi, na makala yao haikulificha hilo.

Wenham aliwahi kuchunguza pia Zika, homa ya mbu iliyohusishwa na watoto kuzaliwa na vichwa vidogo huko Brazil. Serikali zilihimiza watu wafunike mapipa ya maji na kuwaua mbu majumbani. Lakini mapipa hayo yalikuwepo kwa sababu bomba halikuaminika, na kuyasugua kuliwaangukia wanawake walewale. Januari 2016 El Salvador ilienda mbali zaidi: wanawake wakashauriwa wasishike mimba hadi 2018. Nchi hiyo hairuhusu utoaji mimba kwa sababu yoyote ile. Ushauri wa namna hiyo, kwa maoni yangu, ni serikali kumrushia mwanamke mzigo iliotakiwa kuubeba yenyewe.

Chanjo ya Ebola nayo ilikuwa na mkasa wake. Mlipuko wa mashariki mwa Kongo ulipoanza, ilitolewa kwa waliomkaribia mgonjwa na kwa waliowakaribia hao. Ndani ya nyumba moja, baba na watoto wangeweza kuchanjwa, lakini mama mjamzito au anayenyonyesha akaachwa, kwa hofu kwamba kirusi hai kilichomo kwenye chanjo kingemdhuru mtoto. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ila upande wa pili wa mizani kulikuwa na Ebola yenyewe, ambayo mimba ni nadra kuivuka salama, na mama huyo ndiye aliyekuwa anauguza. Mwaka 2019 masharti yalibadilishwa: wanaonyonyesha wakaingizwa, na wajawazito pia, mradi miezi mitatu ya mwanzo imepita.