Posti huoza pale inapotokea udongoni: kabla hujaweka deki na fensi ya mbao nyumbani

Siku hizi kila mtu anataka deki nyuma ya nyumba, yaani jukwaa la mbao la nje, mahali pa kuweka viti viwili vitatu na jiko la nyama choma, halafu fensi ya mbao badala ya ile seng'enge iliyolegea, na si Milimani ya Kisumu pekee, Riat na Mamboleo ni hivyo, ukienda Nakuru kule Kiamunyi na Lanet ni vilevile. Sisi huku chuoni, idara ya useremala na ujenzi, tunaulizwa sana na swali karibu huwa moja: nipake vanishi gani ndio isioze? Jibu letu huwa linaudhi watu kidogo, kwamba vanishi ndiyo kitu cha mwisho kabisa kufikiria. Mvua inyeshe tu, mbao ikipata nafasi ya kukauka haina neno, shida ni maji yakishakaa mahali.

Ng'oa posti ya fensi iliyoanguka uitazame vizuri. Juu iko sawa, imepauka tu. Chini kabisa, ile futi mbili iliyokuwa ndani ya shimo, mara nyingi nayo bado ngumu, ukiigonga inalia. Lakini pale udongo unapoishia na hewa inapoanza, hapo imeliwa imebaki kiuno cha nyigu, ukisukuma bisibisi inaingia bila nguvu. Kuvu inayoozesha mbao inataka unyevu na hewa kwa pamoja. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi kuvu haistawi, na huko chini kwenye udongo ulioshiba maji hewa ni kidogo, nako inashindwa, kwa hivyo inakula pale katikati, na mchwa naye hupenda kuanzia hapohapo. Sasa ukiwa na elfu chache za ziada ziweke kwenye posti, wachana na vibao vya juu ambavyo wageni wataviona na kuvisifu.

Mbao gani? Inategemea unanunua wapi na nani alikata. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, mpaka Rais akatangaza kuondoa hiyo marufuku Julai 2023, watu wengi walizoea kununua mbao za mashambani, gravelia na bulugamu, na nyingi zilikatwa zikiwa changa. Mti mchanga ukiupasua utaona sehemu kubwa ni ile nyeupe ya nje, na ile nyeupe hata iwe ya mti gani haina kinga ya maana dhidi ya mchwa. Kiini chenye rangi nzito ndicho kinachodumu. Gravelia ni nzuri kwa fanicha ya ndani ila nje kwenye udongo usiitegemee. Saiprasi kutoka pande za Elburgon na Molo ni mbao ya kati, kiini chake kinavumilia, weupe wake hapana. Bulugamu ya Kakamega na Vihiga ni nzito na ina nguvu lakini inapasuka na kujikunja ikikaushwa haraka. Mutarakwa, ile sida ambayo wazee walifanyia posti za boma na zingine zingali zimesimama, hiyo ni mti wa kienyeji unaokua polepole, hauvunwi ovyo, ukiletewa lori usiku bila kibali cha kusafirisha, achana nayo.

Na mbao nyingi za yadi zinauzwa zikiwa mbichi, wauzaji wenyewe wanajua. Ipange kivulini, weka vijiti kati ya safu na safu hewa ipite, paka rangi yoyote iliyobaki kwenye ncha ili zisipasuke, kibao cha inchi moja kipe kama miezi miwili ndio ukifunge. Fundi atakuambia hakuna wakati. Wakati upo, ni pesa ya siku yake ndiyo inamsumbua, mwelewe lakini usikubali.

Halafu kuna hii habari ya oili chafu. Utasikia, "Madam, hii posti tutaipaka oili chafu mara mbili, mchwa hataisogelea." Oili ya injini iliyotumika haiingii ndani ya mbao, inakaa juu juu, mvua na jua vinaiondoa, kisha imebeba metali nzito zenye sumu kutoka kwa injini na sasa zimeingia kwenye shamba lako la sukuma. Inaifanya posti ionekane nyeusi na ya nguvu, basi. Kama unataka kinga ya kweli nunua posti iliyotiwa dawa kiwandani kwa presha, zile za kijani kibichi, kama nguzo za stima. Dawa inasukumwa ndani ya ule weupe mpaka ukashiba, kwa hivyo hapa mti mchanga wenye weupe mwingi unageuka kuwa faida. Kiini chenyewe hakinywi dawa vizuri, na ndiyo sababu hutakiwi kukata ile ncha itakayoingia chini, ukikata unakiacha wazi. Fundi akiona posti ni ndefu atachukua msumeno akate upande ulio karibu naye, na mara nyingi ni ule wa chini, tayari amefungulia mchwa mlango. Kama ni lazima kukata kata upande wa juu, kisha upake pale palipokatwa dawa ya mbao ya kupaka kwa brashi.

Shimo nalo lina mambo yake. Fensi ya futi sita, nunua posti ya futi nane, futi mbili ziende chini, zile za kona na za geti ziende chini zaidi na ziwekwe strati, zile mbao za mshazari za kuziegemeza. Kati ya posti na posti futi sita hadi nane. Chini ya shimo mwaga kokoto inchi nne hivi ili maji yapenye yaende, usimwage simiti kule chini kabisa ukatengenezea posti bakuli la kukalia. Simiti iwe pembeni, na juu iinuke kidogo kuliko ardhi ikiwa na mteremko, maji yakimbie posti.

Ila udongo haufanani. Nakuru sehemu nyingi ni udongo mwepesi wa volkano, vumbi tupu wakati wa kiangazi, haushiki posti, kwa hivyo chimba zaidi na upanue shimo. Ukija huku uwanda wa Kano, Nyamasaria kuelekea Ahero, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa unaacha nyufa za kuingiza mkono. Udongo kama huu unainua posti isiyo na kina na kuipindisha. Hapo simiti isiwe na kichwa kipana kama uyoga karibu na juu, maana udongo ukivimba unakishika hicho kichwa na kukisukuma, fanya kinyume, shimo liwe pana chini kuliko juu. Watu wengi wanalaumu upepo wa ziwa ilhali ni udongo. Upepo upo pia, ule wa mchana kutoka ziwani, na fensi iliyozibwa kabisa inaupokea wote, ukiacha nafasi ya inchi moja kati ya kibao na kibao unapita.

Vibao vya fensi visiguse ardhi, acha inchi mbili. Kichwa cha posti kikatwe mteremko au kivishwe kipande cha bati.

Deki sasa. Hapa ndipo watu humwaga pesa juu wakasahau chini. Miguu ya deki usiichimbie, isimamishe juu ya vigingi vya zege vilivyotoka kwenye ardhi nusu futi au zaidi, kwanza inabaki kavu, pili mchwa akitaka kupanda atalazimika kujenga ile njia yake ya udongo juu ya zege ambapo utaiona. Chini ya deki toa majani na mizizi, mwaga kokoto, hewa ipite. Deki iwe chini kuliko sakafu ya nyumba na isibanwe kwenye ukuta, acha nafasi, na usizibe zile tundu za hewa za ukutani. Vibao vya inchi moja vinataka vibebwe na boriti kila inchi 16, ukiweka mbali zaidi vitabonyea mtu mzito akipita. Kama kibao kimekauka tumia msumari wa inchi sita kama kipimo cha nafasi kati ya kimoja na kingine, unene wake ni milimita sita hivi, inatosha maji kuanguka. Vikiwa bado vibichi viweke karibu karibu, vitasinyaa vyenyewe na nafasi itapatikana.

Misumari kwenye deki siipendi. Mbao inavimba na kusinyaa kila msimu na polepole inautoa msumari, siku moja unakanyaga kichwa chake na mguu mtupu. Tumia skrubu, lakini si zile nyeusi za jipsamu ambazo kila haadiwea inazo kwa sababu ni rahisi, hizo nje zinashika kutu na zinakatika kichwa. Omba za galvanaizi, mbili kwa kila mahali kibao kinapovuka boriti, na kwa bulugamu toboa kwanza na drili.

Mambo ya mpaka sitayachelewesha: tafuta bikoni zako kabla ya kuchimba, kama hazionekani lipa savea, na usizing'oe maana kuharibu alama ya mpaka ni kosa kisheria. Ofisi ya mipango ya kaunti ipigie pia, hasa fensi ikiwa upande wa barabara. Ukishindwa na gharama, panda kayaba ndani ya seng'enge, ikikolea hata ng'ombe haipiti. Ojuok, yaani mnyaa, nayo inashika haraka ila ule utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni hospitali, kama una watoto wadogo fikiria mara mbili.

Kuhusu zile mbao za kijani, dawa yake ya kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za nyumbani mwishoni mwa 2003, huku kwetu bado ipo. Kwa posti ya fensi naona ni sawa, kwa sakafu ya deki ambayo mtoto anatambaa na kula ndizi juu yake ningechagua vibao vya kiini kigumu visivyo na dawa hiyo. Ukikata vaa maski, unga wa msumeno usiutandike kwa kuku, na vile vipande vinavyobaki usiviwashe kabisa, wala jikoni wala kwa jiko la nyama choma, kwa sababu aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, ambayo wengi wetu huyachukua asubuhi tukayamwaga kwa mboga. Mwambie fundi mapema, kwa sababu yeye huzoea kubeba mabaki nyumbani awe na kuni za jioni.