Kukata bima si kusimamia vihatarishi

Bajeti ya kitengo cha vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuikwamisha kampuni, ya kampuni moja kubwa ninayoishauri imerudi ikiwa imefyekwa, na pembeni mtu wa fedha ameandika: "Bima tunayo. Haya mengine ya nini?" Hoja hii nimekutana nayo benki, viwandani na kwenye kampuni za usafirishaji, na mara nyingi anayeitoa ni mtu makini ambaye hesabu zake zimenyooka. Ndiyo maana inaniudhi. Ingetoka kwa asiyejua fedha ningeiacha ipite.

Bima hulipa hasara iliyokwisha kutokea, tena kwa masharti yaliyoandikwa, baada ya mtathmini kuja, kudai nyaraka na kubishana. Tazama yaliyoikuta Merck, kampuni ya dawa ya Marekani. Tarehe 27 Juni 2017 programu hasidi ya NotPetya, iliyoanzia Ukraine, iliteketeza kompyuta zake kwa maelfu. Bima ya mali walikuwa nayo, tena ile pana kabisa. Wakadai takriban dola bilioni 1.4. Kampuni za bima zikashika kipengele cha vita, kinachosema hasara ya vita hailipwi, kwa maelezo kwamba shambulio hilo lilikuwa kazi ya Urusi dhidi ya Ukraine. Merck ikashinda katika mahakama za New Jersey, ikashinda tena kwenye rufaa Mei 2023, na shauri likafungwa kwa makubaliano Januari 2024. Hiyo ni miaka sita na nusu. Sasa niambie kampuni yako italipa mishahara ya mwezi ujao kwa fedha gani wakati mawakili wanabishana kuhusu maana ya vita.

Hata fidia ikitoka kesho yake, mteja aliyehama harudi kwa sababu umelipwa. Hapa huwa nawapa kisa cha Nokia na Ericsson. Machi 2000 radi ilisababisha moto kwenye kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, kilichotengeneza chipu za simu za kampuni zote mbili. Moto ulizimwa kwa takriban dakika kumi. Lakini moshi na maji viliingia kwenye vyumba ambavyo hata chembe ya vumbi hairuhusiwi. Philips ikawaambia wateja wake kwamba kucheleweshwa kungekuwa kama wiki moja.

Taarifa ilikuwa ileile kwa wote. Nokia, chipu hizo zikawekwa kwenye uangalizi wa kila siku, habari ikapanda juu haraka, wakubwa wakaibana Philips iwape nafasi kwenye viwanda vyake vingine, na wahandisi wakatafuta wauzaji wengine wa zile zilizoweza kupatikana kwingine. Ericsson, habari ilibaki ngazi za chini kwa wiki kadhaa, na walipoamka hawakuwa na muuzaji wa pili. Mauzo yaliyopotea yalikadiriwa kuwa dola milioni 400, na mwaka uliofuata biashara yao ya simu iliunganishwa na ya Sony. Simu zao zilikuwa na matatizo mengine pia, kwa hiyo sitaubebesha moto ule lawama yote. Lakini hizi kampuni mbili zilipigwa na radi moja, na kilichozitofautisha ni nani alipaswa kumwambia nani, lini, na nani alikuwa na mamlaka ya kuamua bila kusubiri kikao.

Hiyo ndiyo faida ninayoipigania. Katika kampuni kubwa, manunuzi wanajua muuzaji anasuasua, fedha wanajua mkopo wenye masharti magumu unaiva lini, TEHAMA wanajua seva ipi imechoka. Kila mmoja kwenye idara yake anaona jambo dogo. Hayo matatu yakikutana wiki moja kampuni inasimama, na hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuyaona kwa pamoja. Usimamizi wa vihatarishi wa kampuni nzima umewekwa kwa ajili hiyo, na mpango wa majanga ni maamuzi yaliyofanywa mapema, wakati akili imetulia.

Hapo sasa ndipo ninapokutana na jibu la pili, ambalo linanichosha kuliko la bima: "Tuna mbadala." Laini mbili za intaneti, vituo viwili vya data, wauzaji wawili. Vizuri. Je, hao wawili wanaweza kufa kwa sababu moja?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayobeba intaneti, EASSy na Seacom, ilikatika kwenye pwani ya Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine wakahangaika na intaneti kwa siku kadhaa. Zipo kampuni zilizokuwa zikilipia watoa huduma wawili, ankara mbili kila mwezi, na zote mbili zikalegea siku ileile. Mikataba ilikuwa miwili, lakini chini ya bahari njia ilikuwa ya jirani. Swali la njia halikuulizwa siku ya kusaini. Liliulizwa bei.

Maersk, kampuni ya meli za makontena ya Denmark, waliliona hilo kwa ukubwa zaidi, siku ileile ya NotPetya. Seva zao zinazotambua watumiaji na kuwaruhusu kuingia kwenye mtandao zilikuwa zimetawanywa duniani, kila moja ikibeba nakala ya nyingine. Kwa kuharibika moja au mbili, mpango ulikuwa mzuri. Haukuwa umefikiria zote kufutwa kwa pamoja, na kule kuunganishwa kulikozifanya zilindane ndiko kulikolipitisha shambulio. Ilibaki moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa imezimika. Kutokana na hiyo wakajijenga upya: seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, huku wafanyakazi wakipanga makontena kwa karatasi na simu zao binafsi. Hasara waliyotangaza ilikuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Nawaheshimu sana kwa kazi ile, na kwa mwenyekiti wao kuyasema hadharani kwenye mkutano wa uchumi wa dunia wa Davos mwaka uliofuata. Lakini mkwamo wa umeme Ghana haukuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Kwa hiyo ninapoketi na timu kwa zoezi la mezani, yaani kuigiza janga kwa maswali na majibu, siulizi kama mpango upo. Nasema barua pepe imekufa, naomba orodha ya namba za timu ya majanga. Mara nyingi inatafutwa kwenye barua pepe. Kisha nauliza nani hapa anaruhusiwa kuzima mfumo wa malipo saa nane usiku bila kibali cha Mkurugenzi Mtendaji. Watu wanatazamana. Ukimya ule unaniambia mengi kuliko rejista yao yote, ile orodha ya vihatarishi vya kampuni.

Rejista yenyewe ni lazima iwepo. Ila ile jedwali ya kijani, njano na nyekundu, inayopanga vihatarishi kwa alama, sina imani nayo kubwa. Kuzidisha uwezekano wa 3 kwa athari ya 4 upate 12 kunafanya makisio ya kikao yaonekane kama kipimo, na hatari adimu yenye uwezo wa kuiua kampuni inapata alama ileile na usumbufu wa kila wiki. Janga la ugonjwa lilikuwa kwenye rejista nyingi kabla ya 2020, limepakwa rangi ya njano.

Mtu wa fedha ana hoja moja ambayo siwezi kuimaliza: nithibitishe faida. Hasara ambayo haikutokea haionekani kwenye vitabu, na tafiti kuhusu kama usimamizi huu unapandisha thamani ya kampuni zimegawanyika. Kampuni inayojali vihatarishi huenda ilikuwa na uongozi mzuri tangu mwanzo, na sijui njia safi ya kutenganisha hayo mawili. Ninachoweza kumwonyesha ni muda: leo tatizo la muuzaji linachukua siku ngapi kutoka ghalani hadi mezani kwa mwenye mamlaka, na baada ya mazoezi mawili litachukua saa ngapi. Hilo linapimika.

Basi nimemrudishia bajeti nikiwa nimeondoa programu ya gharama ya kuchora majedwali. Mazoezi nimeyaacha, na nimeomba la kwanza lifanyike bila taarifa, siku mishahara inapotoka, Mkurugenzi Mtendaji akiwa ndani ya ndege.