Lotasi ya Korea na maana zake kutoka mzizini hadi kwenye tunda

Wengi wanaosoma habari za lotasi katika maisha ya Wakorea huambiwa jambo moja tu, kwamba ua hilo ni ishara ya usafi kwa kuwa huota kwenye tope na kutoka bila doa. Jambo hilo ni la kweli, ila kwangu mimi ninayeshughulika na mimea ya majini halitoshi, maana Wakorea wameutazama mmea huu kwa makini kuanzia mzizi hadi tunda, na karibu kila kiungo chake kimezaa maana.

Tofauti na yungiyungi, ambalo majani yake hulala juu ya maji, lotasi huyainua majani na maua yake hewani kwa vikonyo virefu vilivyonyooka. Huchanua mwezi wa Julai na Agosti, katika joto kali la Korea. Ua hufunguka asubuhi, hujifunga baadaye mchana, na baada ya siku tatu au nne petali huanza kupukutika. Jani lake lina nta na vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kwa hiyo tone la maji likilidondokea halitapakai. Hujikusanya likawa duara, likabingirika na kuondoka na vumbi. Kinachonivutia zaidi kipo katikati ya ua: kitovu cha manjano chenye vitundu, ambacho ndicho kitakachokomaa kiwe tunda, na ambacho tayari kipo siku ya kwanza petali zinapoachana.

Wabuddha waliona katika ua na tunda vinavyotokea pamoja fundisho la tendo na matokeo yake yasiyotengana. Ndiyo maana, siku ya kuzaliwa kwa Buddha inapokaribia, mwezi wa nne wa kalenda ya mwandamo, mahekalu na barabara za Korea hujaa taa za karatasi zenye umbo la lotasi. Anayetengeneza taa hiyo husokota ncha ya kila petali ya karatasi kwa vidole, kisha huzibandika safu kwa safu, na chini kabisa huweka majani ya kijani. Sherehe hizo, ziitwazo Yeondeunghoe, ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020.

Utawala wa Joseon, nasaba ya wafalme iliyoitawala Korea tangu 1392 hadi 1910, uliyafuata mafundisho ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa Uchina, ukaibana dini ya Kibuddha hata kuwazuia watawa wasiingie mji mkuu kwa muda mrefu, na bado ua la watawa hao lilibaki ndani ya makasri. Sababu yake ni msomi wa Kichina wa karne ya 11, Zhou Dunyi, aliyelisifu kuwa ndilo ua la muungwana: kikonyo kina uwazi ndani na kimenyooka nje, hakina matawi wala vitambaazi, na harufu yake huzidi kuwa safi kadiri inavyokwenda mbali. Mfalme Sukjong alijenga Aeryeonjeong, yaani banda la mwenye kuipenda lotasi, kando ya bwawa katika bustani ya kasri la Changdeokgung mwaka 1692. Naliona banda hili dogo kuwa ushahidi mkubwa kuliko maandishi mengi, kwani linaonyesha kwamba dini na falsafa zilizoshindana ziliweza kuheshimu mmea mmoja kwa sababu tofauti.

Majumbani, tunda lenye mbegu nyingi lilimaanisha uzazi, kwa hiyo lotasi ilitariziwa kwenye joho la bibi harusi. Waimbaji wa pansori, sanaa ya kimapokeo ya Korea ya kusimulia hadithi kwa wimbo, nao husimulia habari za Simcheong, binti aliyejiuza kwa mabaharia kwa magunia 300 ya mchele ili baba yake kipofu apate kuona, akajitosa baharini, kisha akarudi duniani ndani ya ua la lotasi. Mshairi Heo Nanseolheon alichagua kupukutika kwa ua hilo: aliandika juu ya lotasi 27 nyekundu zinazoanguka katika baridi ya usiku wa mbalamwezi, naye akafariki mwaka 1589 akiwa na umri wa miaka 27 kwa hesabu ya Kikorea. Jikoni, shina la topeni hupikwa kwa mchuzi wa soya, na wali hufungwa ndani ya jani na kupikwa kwa mvuke.

Mbegu ina ganda gumu lisilopitisha maji wala hewa, kiasi kwamba sisi tunaoiotesha hulisugua kwa tupa mpaka weupe wa ndani uonekane, ndipo tunailoweka. Mwaka 2009, wachimbaji wa mambo ya kale katika ngome ya Seongsan, wilayani Haman, walikuta mbegu ambazo vipimo vilionyesha zilikuwa na umri wa takriban miaka 700, za enzi ya Goryeo, nasaba iliyotangulia Joseon. Baadhi ziliota, zikatoa maua mwaka 2010, zikapewa jina la Ara Hongryeon. Petali zake ni nyembamba na ndefu, nyeupe kwenye tako na nyekundu zaidi kwenye ncha, na vizazi vyake sasa vimejaa katika bustani ya lotasi ya Haman.