Kanda ya Ukraine: bingwa wa nchi aliyetoka daraja la tatu

Mwaka 1986 Dynamo Kyiv walikuwa hawashikiki. Mei 2, jijini Lyon, waliichapa Atlético Madrid 3-0 na kutwaa Kombe la Washindi la Ulaya. Wakabeba tena ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti, na mshambuliaji wao Ihor Belanov akapewa Mpira wa Dhahabu (Ballon d'Or), tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Sasa tazama orodha ya mabingwa wa Ukraine ya enzi hizo, ilipokuwa moja ya jamhuri za Umoja wa Kisovyeti, mwaka huohuo wa 1986. Jina lililoandikwa ni Zorya ya Voroshilovgrad, mji ambao leo ni Luhansk.

Hakuna aliyekosea kuandika. Bingwa wa Ukraine alikuwa timu iliyoshika nafasi ya kwanza katika Kanda ya Ukraine, na kanda hiyo ilikuwa daraja la tatu la soka la Kisovyeti.

Ilikuwaje? Tangu 1971 madaraja yaliitwa Ligi Kuu, Ligi ya Kwanza na Ligi ya Pili. Mawili ya juu yalikusanya timu za nchi nzima. Ligi ya Pili haikuwezekana kuendeshwa hivyo: ilikuwa na timu zaidi ya mia, na nchi yenyewe ilianzia Baltiki ikaishia Bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo iligawanywa kwa kanda. Ukraine ilikuwa na timu nyingi kiasi cha kupewa kanda yake peke yake. Miaka mingi ya 1980 ukiona kwenye msimamo wa zamani "Kanda ya 6", ndiyo hiyo. Na kwa kuwa jamhuri haikuwa na ligi nyingine ya timu zake za kulipwa, anayeongoza kanda ndiye aliyehesabiwa bingwa wa Jamhuri ya Ukraine. Dynamo, Shakhtar na Dnipro hawakushindwa kuutwaa ubingwa huo. Hawakuwamo kabisa, walikuwa Ligi Kuu wakigombea ubingwa wa Usovieti.

Neno "kulipwa" hapo juu nimelitumia kwa ujanja kidogo. Rasmi, nchi ya kijamaa haikuwa na mchezaji wa kulipwa. Kulikuwa na "timu za mafundi", yaani vikosi vilivyoruhusiwa kushiriki ligi hizi, na chini yao klabu za wafanyakazi zilizokuwa na mashindano yao. Mchezaji wa timu ya mafundi aliorodheshwa kiwandani au jeshini, mshahara akaupokea huko, na kazi yake ikawa kucheza mpira. Ndiyo maana majina ya timu yanasomeka kama tangazo la ajira: Shakhtar ni mchimba madini, Sudnobudivnyk ya Mykolaiv ni mjenzi wa meli, Naftovyk ya Okhtyrka ni mtu wa mafuta ya petroli. Ukiona SKA, hiyo ni ya jeshi. Jina langu ninalolipenda ni Kolos, yaani suke la nafaka, jina la chama cha michezo cha watu wa vijijini. Kolos mashuhuri kuliko zote ilikuwa ya Nikopol, mji wa viwanda vya mabomba ya chuma, na hapo awali timu hiyohiyo iliitwa Trubnyk, mtengeneza mabomba.

Hao Kolos ndio mfano mzuri wa kanda hii ilivyokuwa jiko la soka la Ukraine. Walikuwa mabingwa wa kanda mwaka 1979, wakapanda Ligi ya Kwanza. Muda mfupi baadaye Volodymyr Yemets na Hennadiy Zhizdyk, waliokuwa wakiiongoza timu, walichukuliwa kwenda Dnipro, na mwaka 1983 Dnipro ikawa bingwa wa Usovieti.

Msimu wenyewe ulikuwa wa jasho. Ulianza majira ya kuchipua theluji ikiyeyuka, ukaisha vuli viwanja vikiwa tope. Ushindi ulikuwa pointi 2. Kanda ikiwa na timu 24, nyumbani na ugenini, kila timu inacheza mechi 46. Na kumaliza wa kwanza hakukutosha! Sehemu kubwa ya miaka ya 1980 washindi wa kanda 9 waliingia kwenye mchujo, makundi matatu ya timu tatu tatu, na anayeongoza kundi pekee ndiye anayepanda daraja. Bukovyna ya Chernivtsi walitwaa kanda mwaka 1982 na tena 1988, mara zote mbili wakabaki palepale. Tavriya ya Simferopol walikwama 1985, wakafanikiwa 1987. Zorya nao, hao wa 1986, walikuwa wamewahi kuwa mabingwa wa Usovieti nzima mwaka 1972. Miaka kumi na minne baadaye walikuwa wanasherehekea kupanda kutoka daraja la tatu.

Ukraine ilipotangaza uhuru Agosti 1991, ligi mpya ya taifa ilihitaji timu haraka. Msimu wa kwanza, 1992, ulikuwa na timu 20 za daraja la juu: 6 zilitoka Ligi Kuu ya Usovieti, 2 Ligi ya Kwanza, na 12 zilizobaki zilitoka chini ya hapo, wengi wao wakongwe wa kanda. Zilipangwa makundi mawili, vinara wakakutana fainali mjini Lviv, Juni 21. Upande mmoja Dynamo Kyiv. Upande wa pili Tavriya, walewale wa 1985 na 1987. Serhiy Shevchenko alifunga bao pekee, na kombe likaenda Simferopol.