Mwenye dodoso hajaja kupima kiwanja chako: dhana potofu kuhusu maoni ya wananchi na mipango ya mji wa Kigoma

Neno lenyewe ndilo lenye balaa. Ukisema mtaani kwamba kuna watu wanafanya "savei", mwenye nyumba husikia "sevea", yule bwana wa kupima mipaka, na baada yake huiona alama nyekundu ya X ukutani. Nilipokuwa napita mtaani Gungu, hapa Kigoma, na dodoso, yaani fomu ya maswali ya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mipango ya mji, mama mmoja aliitikia shikamoo yangu vizuri tu, akanipa kigoda, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, kama mmekuja kutubomolea semeni, tuanze kung'oa mabati."

Basi tuanze na hilo. Dodoso la maoni halina nguvu yoyote ya kisheria juu ya kiwanja cha mtu. Serikali ikitaka ardhi yako ina njia yake: kuna Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, kuna notisi, kuna uthamini, na kuna fidia ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ya haraka. Anayekuuliza maji ya mvua yanakatiza wapi na watoto wanavukia wapi kwenda shule hakubeba hata kimoja kati ya hivyo. Hata hivyo simlaumu yule mama. Mdodosaji asiyepitia kwa mwenyekiti wa mtaa, asiye na barua wala kitambulisho, anastahili kuachwa mlangoni.

"Watu 400 watausemeaje mji mzima?"

Kwa sensa ya mwaka 2022, Manispaa ya Kigoma-Ujiji ina watu zaidi ya 230,000. Ukiwaambia wenyeji kwamba umeuliza 400, wanacheka. Lakini nenda Kibirizi, kwenye mwalo wanakoshushia samaki, umtazame mnunuzi wa dagaa anayejua kazi yake. Hamwagi gunia zima chini. Anazamisha mkono katikati, anazamisha mpaka chini kabisa, kwa sababu anajua kule juu pamepambwa. Konzi tatu zinamtosha, mradi hakuchaguliwa na muuzaji azitoe wapi.

Sampuli ni hivyo hivyo. Watu 400 waliopatikana kwa bahati nasibu huleta jibu ambalo kwa kawaida halipishani na la mji mzima kwa zaidi ya asilimia 5 hivi juu au chini. Mji ungekuwa mara kumi ya huu, 400 wale wale wangefanya karibu kazi ile ile. Ukitaka kupunguza kosa hilo kwa nusu, inabidi uulize watu 1,600, na hapo bajeti huanza kulia.

Wingi peke yake hauokoi kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angeshinda urais. Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametoka kwenye orodha za wenye simu na magari, tena katika miaka ya ukata. Gunia lilionjwa juu tu. Wanaotaka kupima maoni ya Kigoma kwa kundi la WhatsApp, ambalo nusu ya wachangiaji wake wanaishi Dar es Salaam, wakumbuke kadi hizo.

"Kuna mkutano wa hadhara, dodoso la nini tena?"

Mkutano ni muhimu, na siudharau. Ila mkutano huwa na masikio ya waliofika. Ukiitishwa asubuhi siku ya kazi, wamefika nani? Wazee waliostaafu, wenye nyumba, na yule bwana ambaye hakosi kipaza sauti. Mama wa mawese yuko sokoni. Mpangaji wa chumba kimoja anaona hayamhusu, ingawa ndiye anayekanyaga tope la uchochoro ule kila siku.

Kisha kuna wavuvi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, katika giza. Mchana mwenye kazi hiyo amelala, na ukimgongea saa nne asubuhi kuuliza habari za mwalo, utajibiwa na mkewe, au hutajibiwa kabisa. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi, na ndipo utamkuta anashona nyavu, ana muda, na ana mengi ya kusema kuhusu choo cha mwaloni, njia ya kushushia mizigo na bei ya ushuru. Kwa hiyo ratiba ya dodoso la Kibirizi haipangwi kwa kalenda ya ofisini, inapangwa kwa mwezi. Sikulijua hilo siku ya kwanza. Nililijua baada ya kurudi na fomu zilizojaa wanawake na wazee, nikadhani mtaa hauna vijana.

"Wengi wakisema ndiyo, basi iwe"

Hapana. Maoni si kura. Hata mtaa mzima ukitaka vibanda vya soko ukingoni mwa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Na ziwa lenyewe lina kauli yake: kuanzia mwaka 2020 maji yalipanda, na waliojenga karibu na ufuko wakaona.

Lakini kinyume chake nacho ni kosa. Kuna wataalamu wanaoamini kwamba ramani na picha za setilaiti zinatosha. Setilaiti inaona paa. Haioni kwamba korongo linaloonekana kavu ndiyo njia ya mkato ya wanafunzi, wala kwamba mtaro uliochorwa upande wa juu wa barabara utaacha maji yaingie kwa watu wa chini. Mji huu umekaa kwenye miteremko, na kila mteremko una bibi anayejua maji yalipita wapi mvua zilipozidi.

"Kuulizwa maoni ni hisani ya wafadhili"

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inaitaka mamlaka ya upangaji iwashirikishe wadau wa eneo kabla ya kuchora. Tena Kigoma si mgeni wa mambo haya. Mwaka 2016 Kigoma-Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani katika majaribio ya mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa, na manispaa ikatoka nayo. Mpango ule ulikwisha, sheria na Katiba vimebaki.

"Swali ni swali tu"

"Je, unaunga mkono mji safi na wa kisasa?" Nani atasema hapana? Ukiulizwa hivyo, nawe muulize anayekuuliza: usafi huo unaondoa nini, na kinahamia wapi?

"Nikishajibu nimemaliza"

Hapa ndipo wengi tunapopotelea. Rasimu ya mpango ikitoka, inatakiwa iwekwe mahali wananchi waione na watoe pingamizi. Watu hawaendi, na wakienda wanakuta ramani kubwa yenye rangi nyingi, kila rangi na matumizi ya ardhi iliyopangiwa, wanaona haya kuuliza, wanarudi nyumbani. Mwambie afisa mipango miji akuonyeshe kwanza reli, kisha msikiti wenu au kanisa lenu, kisha shule. Kutoka hapo fuata njia kwa kidole mpaka nyumbani kwako, utazame rangi iliyopakwa juu yake ni ipi.