Kula London: yanayosemwa barazani na yaliyomo sahanini

Ukitangaza kwamba unasafiri kwenda London, ushauri wa chakula utakufikia kabla ya viza. Mmoja atakwambia ubebe pilipili yako. Mwingine atakuapia kwamba utakula samaki na chipsi mpaka uvichukie. Wa tatu ana mpwa wake aliyefilisika kwa mlo mmoja wa mchana. Baadhi ya hayo yana chembe ya ukweli, mengi yamepitwa na wakati, na karibu yote yanadhani kwamba kuna chakula cha wenyeji upande huu na chakula cha wageni upande ule. Kwa London, mpaka huo haupo.

Dhana: Waingereza hawajui kupika

Sifa hii mbaya ina chanzo chake. Mgawo wa chakula ulianza Januari 1940 kwa sababu ya vita, na nyama haikuachiwa huru hadi Julai 1954. Kizazi kizima kilikulia kwenye siagi ya kupimwa na mayai ya unga. Waliopita Uingereza miaka hiyo walirudi makwao na simulizi, na simulizi hizo bado zinatembea ingawa mgawo ulikwisha zamani.

Mimi mgeni wangu humpeleka asubuhi E. Pellicci, Bethnal Green Road, mashariki mwa London. Ni mkahawa mdogo ulioanza mwaka 1900, kuta zake ni mbao za nakshi, na tangu 2005 umo katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Meza zimebanana, kwa hiyo utakaa bega kwa bega na mtu usiyemjua, naye atakuomba umsogezee chupa ya sosi kama mliozaliwa mtaa mmoja. Sahani huja imejaa: mayai, uyoga, nyanya, maharage ya kopo yenye rojo, mkate wa kukaanga. Asiyekula nguruwe aseme mapema, maana bekoni na soseji hupakuliwa bila kuulizwa. Jumapili wanafunga. Na wenye mkahawa huu, unaosifiwa kwa kifungua kinywa cha Kiingereza, ni familia yenye asili ya Italia.

Dhana: Samaki na chipsi ndicho chakula cha asili, kari imeletwa juzi

Ni kinyume chake. Mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua Hindoostane Coffee House karibu na Portman Square, akawauzia kari na shisha mabwana waliorudi kutoka India. Biashara haikumwendea vizuri, na 1812 akafilisika. Lakini duka la samaki na chipsi linalotajwa mara nyingi kuwa la kwanza jijini, la Myahudi Joseph Malin wa East End, linawekwa kwenye mwaka 1860 hivi, yaani nusu karne baadaye. Hata ule upishi wa kumchovya samaki kwenye unga na kumkaanga uliletwa na Wayahudi wenye asili ya Ureno na Hispania.

Jambo moja la kuuliza kabla ya kuagiza: baadhi ya maduka hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe.

Dhana: Ukitaka kari ya kweli, nenda Brick Lane

Brick Lane, mtaa wa mashariki mwa London uliojaa migahawa ya kari, nenda, ila si kwa sababu hiyo. Jioni kila mlango una kijana anayekuita kama mpiga debe wa Kariakoo: punguzo hapa, kinywaji bure pale. Mkahawa mzuri hauna haja ya kumvuta mtu mkono. Ubao unasema India, lakini wenye migahawa hiyo wengi wana asili ya Bangladesh, hasa wilaya ya Sylhet, na waliotangulia kufika walikuwa mabaharia na wapishi wa meli za Waingereza.

Simama kwanza pembeni mwa Fournier Street utazame msikiti. Jengo lile lilijengwa 1743 kama kanisa la Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, likawa sinagogi 1898, na msikiti tangu 1976. Mtaa umelishwa na watu haohao waliopokezana jengo. Ndiyo maana, mbele zaidi kwenye mtaa huohuo, bado ipo Beigel Bake, duka la mikate ya Kiyahudi, iliyofunguliwa 1974 na inayouza usiku na mchana: kimkate cha mviringo chenye tundu katikati, nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyokatwa vipande vinene, haradali kali na tango la siki. Haradali yao inapanda puani kabla hujamaliza tonge la kwanza.

Kwa nyama ya moto, tembea hadi Whitechapel, Fieldgate Street. Tayyabs ni ya familia yenye asili ya Punjab ya Pakistani, ipo tangu 1972. Mbavu za kondoo hufika kwenye sahani ya chuma zikichachatika juu ya vitunguu, na harufu ya moshi itabaki kwenye koti lako mpaka kesho. Pombe hawauzi.

Dhana: Ladha ya Afrika Mashariki huipati London

Watu hutafuta ubao ulioandikwa Kenya au Tanzania, wakiukosa wanakata tamaa. Watafute Ealing Road kule Wembley, halafu Southall. Wahindi wengi wa Kenya walihamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Walikuja na walichozoea kula. Ndiyo maana kwenye migahawa ya Kigujarati ya Wembley utaletewa mihogo ya kukaanga, ngozi imekauka na ndani laini, pamoja na pilipili au ukwaju.

Brilliant ya Southall ilifunguliwa 1975 na akina Anand, ambao walikuwa na mkahawa wa jina hilohilo Nairobi. Kuku wao wa jira ndiye anayewaleta watu kutoka mbali. Ugali hapo usiutarajie.

Na anayedhani chakula cha Kiafrika London ni cha vibandani tu, Chishuru, mkahawa wa vyakula vya Afrika Magharibi wa Adejoké Bakare, ulianzia sokoni Brixton na Februari 2024 ukapewa nyota ya Michelin, heshima kubwa kwa mkahawa.

Dhana: Bili ikishaandikwa, lipa yote

Ile asilimia 12.5 ya huduma inayojitokeza chini ya bili kwa kawaida ni ya hiari, na unaweza kuomba iondolewe bila kugombana na mtu. Mimi huilipa nikihudumiwa vizuri, hasa kwa kuwa tangu Oktoba 2024 sheria inamzuia mwajiri kuitia mfukoni. Maji ya bomba mkahawa wenye leseni ya pombe unatakiwa kukupa bure ukiomba, basi usinunue chupa kwa kuona haya. Kisha tazama stika ya usafi mlangoni, alama 0 hadi 5. Nchini England mwenye duka halazimishwi kuibandika. Usipoiona, alama yake itafute kwenye tovuti ya Food Standards Agency, wakala wa serikali wa usalama wa chakula, kabla hujavuta kiti.